Picha Moja ya Zamani, GIMP na Photoshop: Ipi Inakutosha Nyumbani?

Karibuni watazamaji. Leo tunachukua picha moja iliyochakaa na kuitengeneza mara mbili kwa programu za kuhariri picha: kwa GIMP, ambayo ni ya bure, kisha kwa Photoshop, ya kulipia. Nataka uone mwenyewe hela inanunua nini hasa, maana wengi wanaambiwa Photoshop ndiyo kiboko bila kuelezwa ni kwa kazi gani.

Picha yetu ni ya rangi nyeusi na nyeupe. Imepauka, ina mkunjo katikati na kona moja imechanika.

Tuanze na skana. Futa kioo kwa kitambaa laini, kwa sababu kila chembe ya vumbi utakayoiacha hapo utakuja kuhangaika nayo kwa brashi. Iskani kwa dpi 600 (nukta 600 kwa kila inchi) na uihifadhi kama TIFF, aina ya faili inayotunza ubora wa picha. JPEG bado, kwani hiyo hupoteza ubora kila unapoihariri na kuihifadhi upya.

GIMP ipakue kutoka gimp.org tu. Photoshop ina siku 7 za majaribio, ila wanataka kadi ya benki, kwa hiyo kama huendelei sitisha kabla hazijaisha. Tangu 2013 Adobe walihamia malipo ya kila mwezi au mwaka; ukiacha kulipa, programu nayo inakufungia.

Fungua picha, na kabla ya kugusa chochote nakili leya, yaani tabaka la picha: Shift+Ctrl+D kwenye GIMP, Ctrl+J kwenye Photoshop. Picha halisi ibaki chini, salama.

Sasa tuondoe kupauka. Kwenye GIMP nenda menyu ya "Colors", kisha "Levels". Kwenye Photoshop bonyeza Ctrl+L. Kuna grafu hapo. Pembetatu ya kushoto ivute hadi grafu inapoanza kupanda, ya kulia hadi inapoishia. Ile ya katikati isogeze polepole ukiangalia nyuso za watu, achana na ukuta ulio nyuma yao. Hatua hii programu zote mbili ziko sawa, sioni tofauti.

Tuje kwenye mkunjo. Kwenye GIMP bonyeza H kupata brashi ya "Heal", shikilia Ctrl na ubofye sehemu nzima iliyo karibu, achia, kisha pitisha brashi kidogo kidogo. Photoshop ina "Spot Healing Brush": unapaka tu, yenyewe inachagua pa kunakili. Kwenye nguo na ukuta ni haraka sana. Lakini ukifika usoni, tafadhali chagua mwenyewe ngozi itoke wapi. Photoshop nayo ina brashi ya namna hiyo, unashikilia Alt badala ya Ctrl. Jicho la bibi yako halikisiwi na mashine; kosea kidogo tu na anakuwa mtu mwingine, na wanaomkumbuka watalijua hilo papo hapo.

Kona iliyochanika ndipo pesa inapoonekana. Kwenye Photoshop zungushia sehemu hiyo kwa "Lasso", bonyeza Shift+F5, chagua "Content-Aware", na pengo linajazwa. GIMP haiji na kitu hicho. Utaongeza programu-jalizi iitwayo Resynthesizer, au utajaza kwa mkono ukitumia "Clone", herufi C. Inawezekana, ila tenga muda.

Kuhifadhi: GIMP ukibonyeza "Save" unapata faili la XCF lenye leya zote. Litunze, ila usimtumie mtu kwa WhatsApp, hataliona. Ya kutuma itoe kwa Shift+Ctrl+E, uipe jina linaloishia na .jpg.

Kwa albamu ya familia, GIMP inatosha, na haidai kompyuta yenye nguvu kama Photoshop, ambayo inataka RAM ya GB 8 kwenda juu. Kama unaandaa kitabu na mchapaji anadai CMYK (mfumo wa rangi za uchapishaji), au picha ndiyo kazi inayokulisha kila siku, lipia Photoshop bila kusita. Na kama kompyuta si yako na huwezi kusakinisha kitu, fungua Photopea kwenye kivinjari. Ni ya bure, ina matangazo, na inafungua hata mafaili ya PSD, yaani ya Photoshop.

Kabla hujafunga, nakili TIFF na XCF kwenye flashi, kisha rudisha picha ya karatasi kwenye bahasha kavu.