Suti ya Heshima kwa Pesa Ndogo: Twende Mwanga Tukachague

Mwakeye ndugu zangu, karibuni. Leo tuko Kigoma, soko la Mwanga, na kazi ni moja tu: mwanaume apate suti ya heshima na kiatu cha ngozi bila kukopa. Kadi za harusi na za kipaimara zinakuja mfululizo, na wengi wenu mnakimbilia zile suti mpya za dukani zinazong'aa kwa sababu tu zina mfuko na lebo. Mimi naziona suti hizo baada ya kufuliwa mara mbili na roho inaniuma, maana kwa pesa ileile mtu angepata koti la sufu la mtumba la kuvaa miaka.

Kabla hujatoka nyumbani, gawa pesa yako. Tuseme una laki moja na nusu. Toa kwanza ya fundi cherehani, iweke mbali, usiiguse hata muuzaji akikubembeleza vipi. Inayobaki ndiyo ya suti na kiatu. Mtu akimaliza yote sokoni anarudi na suti nzuri isiyomkaa, anaivaa hivyohivyo, na kila mtu ukumbini anaona.

Chukua futi ya fundi, zungusha kifua, ipite chini ya kwapa. Andika inchi na sentimita zote mbili, kwa sababu lebo zinatofautiana. Koti la Uingereza au Marekani huandikwa inchi za kifua: 40 ni kifua cha inchi 40. Koti la Italia au Ujerumani huandikwa nusu ya sentimita za kifua, kwa hiyo kifua cha sentimita 100 ni 50. Njia ya mkato: namba ya Ulaya toa 10, unapata ya Uingereza. Kisha mara nyingi suti iliyoshonwa kama seti, suruali hupungua inchi 6 kwenye koti, yaani koti la 40 na kiuno cha 34. Hilo litakusaidia ukikuta koti huku na suruali yake imetupwa kwenye rundo lingine. Ukizipata zote mbili, zipeleke juani uzilinganishe. Chini ya turubai la bluu kila kijivu kinafanana.

Sasa tuingie. Muulize muuzaji belo anafungua siku gani, na siku hiyo uwahi asubuhi. Msalimie vizuri, mwite kaka au mama kadiri ya umri, usianze na bei.

Koti la kwanza hili hapa. Anza na mabega. Mshono wa bega uishie pale mfupa wa bega lako unapoishia. Ukizidi kidole kizima, rudisha koti, hata kama rangi imekuteka. Fundi wetu anaweza kupunguza kiuno, mikono, upindo wa suruali. Kufumua mabega ni kulishona koti upya, na gharama yake itakuzidi bei uliyonunulia. Kwa hiyo unachonunua hapa ni mabega na kitambaa. Mengine yote yana dawa.

Sogeza kamera hapa. Shika kitambaa cha mbele, karibu na tundu la kifungo cha chini. Vidole viwili nje, viwili ndani, vuta taratibu upande na upande. Ukihisi katikati kuna kitambaa cha tatu kinateleza peke yake, hilo koti limewekewa kanvasi ya kushonwa, yaani kitambaa cha ndani kinacholipa koti umbo. Usiliache. Kama ni gumu na tabaka zimeshikana, limegundishwa kwa gundi. Si dhambi, makoti mengi yako hivyo, ila tazama kifua kwa ubavu kwenye mwanga: ukiona malengelenge madogo, gundi imeachia. Hakuna pasi itakayoyaondoa.

Kitambaa sasa. Soma lebo ya ndani kama ipo. Haipo? Omba muuzaji akuruhusu kuchomoa uzi mmoja kwenye mshono wa ndani, uuchome kwa kiberiti. Sufu inanuka kama nywele zilizoungua na majivu yake yanasagika kidoleni. Poliesta inayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Kwa joto la huku bondeni kando ya ziwa, mimi nakushauri sufu nyepesi yenye bitana nusu mgongoni. Poliesta itakupika kabla bibi harusi hajaingia.

Kisha inua suruali juu, itazame dhidi ya jua, hasa msambani na makalioni. Palipolika mwanga unapita. Vitundu vidogo ni vya nondo, na vikiwa viwili vitatu mahali pa wazi, acha. Geuza ndani, angalia mshono wa nyuma: kama kuna kitambaa cha ziada, fundi anaweza kuachia kiuno kidogo. Mikono nayo, kama vitundu vya vifungo vimekatwa kwelikweli, kufupisha ni kazi ngumu.

Rangi? Bluu ya giza au kijivu cha makaa. Utakwenda nayo harusini, kwenye usaili wa kazi na msibani. Na kwa ndugu zangu wa Ujiji mnaovaa koti juu ya kanzu, msihangaike na seti. Koti moja lisilo na suruali bei yake huwa chini sana, na linatosha nikahi.

Viatu. Chungulia ndani ya kiatu au nyuma ya ulimi. Mwaka 1994 Umoja wa Ulaya uliweka kanuni ya alama kwenye viatu vinavyouzwa kule: mchoro wa ngozi ya mnyama iliyotandazwa maana yake ngozi, wavu maana yake kitambaa, na umbo la almasi maana yake ni vitu vingine, plastiki ikiwemo. Almasi iliyochorwa ndani ya ngozi ni ngozi iliyopakwa tabaka juu.

Kunja kiatu taratibu. Ngozi nzuri inatoa mikunjo laini inayorudi. Ya kupakwa inapasuka na kubanduka vipande. Ufa kwenye mkunjo wa vidole hauna fundi. Kisigino kilicholika upande mmoja kisikutishe, fundi viatu anakibadilisha.

Na hili wengi hawalijui: soli nyingine za poliuretani, aina ya plastiki, huoza kwa unyevu hata kiatu kikiwa hakijavaliwa. Kinaonekana kipya, unakivaa, soli inabomoka njiani. Ibonye kwa ukucha. Ikinata au ikitoa unga, kirudishe. Ukiona uzi unaozunguka ukingo wa soli, na ndani hakuna mshono, huenda kiatu ni cha kushonwa kwa ukanda, yaani ukanda mwembamba unaounganisha ngozi ya juu na soli, na soli yake inaweza kubadilishwa. Lakini vuta ule uzi kidogo, maana kuna nyuzi za mapambo tu.

Namba 8 ya Uingereza ni karibu 42 ya Ulaya. Ukiweza, kiatu kijaribu jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo, na soksi utakayovaa.

Sasa bei. Onyesha kasoro zake polepole, kwa adabu: kifungo hiki hakipo, kisigino hiki kimelika. Taja ya kwako, nyamaza.

Kwa fundi, nenda umevaa kiatu ulichonunua na shati utakalovalia. Mkono wa koti uache shati lionekane kama sentimita moja. Suruali iguse kiatu, isikunjamane. Mwambie asikate kitambaa cha ziada, akikunje ndani, mwakani unaweza kunenepa. Na sufu usiiloweke kwenye beseni: ipeleke kwa dobi anayeijua, au weka kitambaa chenye unyevu juu yake, upige pasi ya wastani, kisha uitundike kwenye henga pana.