Waraka Uliofunguliwa Ndani ya ZIP Huhifadhiwa Wapi?

Ndugu wasikilizaji, asanteni kwa kufika. Naingia moja kwa moja kwenye jambo lililotukutanisha.

Mtu ametumiwa faili ya ZIP, yaani kifurushi chenye nyaraka zilizobanwa zipungue ukubwa. Anaibofya mara mbili, inafunguka mithili ya folda, anauona waraka wake humo, anaubofya nao unafunguka. Anaandika asubuhi nzima, anahifadhi, anafunga kila kitu na kwenda zake. Kesho yake anaifungua ZIP ileile na kukuta waraka uko kama ulivyotumwa, hakuna hata nukta iliyoongezeka. Watu humwambia, "Hukuhifadhi wewe." Inaniuma kusikia hivyo, kwa sababu mara nyingi mtu huyo alihifadhi kweli, na kompyuta ikatii. Kazi yake ilikwenda kukaa mahali ambapo hakuna aliyemwonyesha.

Waraka uliobanwa hausomeki na programu ya kuandikia. Ni lazima kwanza ubanuliwe. Kwa hiyo ukiubofya ndani ya ZIP, kompyuta inautoa nakala, inaiweka kwenye folda ya muda, kisha inaifungua nakala hiyo. Kwenye Windows, kwa miaka mingi folda hiyo imekuwa ikipewa jina linaloanza na Temp1 na kufuatiwa na jina la ZIP yako. Unachokiona kwenye kioo ni nakala. Waraka uliomo ndani ya ZIP haujaguswa.

Windows yenyewe hujaribu kukuonya kwa kuifanya nakala hiyo iwe ya kusoma tu. Ndiyo maana ukibonyeza kuhifadhi, programu ya kuandikia hukutaka uuhifadhi waraka kwa jina jingine. Ni onyo zuri, ila halijielezi. Dirisha la kuhifadhi linaweza kufunguka likiwa limeelekea folda ileile ya muda. Mtu anabadilisha jina, anabonyeza sawa, na kazi yake inabaki mahali ambapo siku yoyote patafagiliwa.

Programu za vifurushi kama 7-Zip na WinRAR zina utaratibu mwingine. Nazo hutoa nakala, lakini huiangalia. Ukishaihariri na kuifunga, hukuuliza kama unataka kuirudisha ndani ya kifurushi ikiwa imebadilika. Ukikubali, kazi imeingia. Hapa mpangilio wa kufunga una uzito: hifadhi, funga waraka, jibu swali, kisha ndipo ufunge 7-Zip au WinRAR. Ukitangulia kuifunga programu ya vifurushi, hatakuwapo wa kukuuliza. Tena kuna mtego: kama programu yako ya kuandikia ilikuwa tayari imefunguliwa na nyaraka nyingine, programu ya vifurushi inaweza kushindwa kujua ni lini hasa umemaliza na waraka huu.

Sasa, kwa nini isiandike humohumo ndani? Swali hili ndilo ninalolipenda kuliko yote. Muundo wa ZIP uliletwa mwaka 1989 na Phil Katz na kampuni yake ya PKWARE, na mpaka leo ukiichungulia faili ya ZIP baiti kwa baiti, kwa kawaida utakuta inaanza na herufi PK, za jina lake. Ndani yake kila waraka umebanwa peke yake, umepangwa nyuma ya mwenzake. Mwishoni mwa faili kuna saraka, kama faharasa ya kitabu, inayosema kila waraka unaanzia baiti ya ngapi, una ukubwa gani, na namba yake ya uhakiki, inayothibitisha kuwa haujaharibika, ni ipi. Ongeza aya moja kwenye waraka wa pili: ukubwa wake ukiwa umebanwa umebadilika, nyaraka zote zilizo nyuma yake lazima zisogee, namba ya uhakiki si ile tena, na saraka nzima imekuwa ya uongo. Kwa hiyo njia ya kawaida na salama ni kuandika ZIP mpya kando, kisha kuiweka badala ya ile ya zamani. Kifurushi cha GB 3 kitaandikwa chote upya kwa ajili ya herufi moja uliyorekebisha. Diski isipokuwa na nafasi ya kutosha kwa nakala ya pili, zoezi linakwama.

Na ZIP ina nafuu. Katika vifurushi vya aina nyingine, viitwavyo tar.gz, faili zote hubanwa kwa pamoja kama mkondo mmoja. Kubadilisha moja ni kubanua na kubana upya kila kitu. Vifurushi vya 7z, muundo wa 7-Zip wenyewe, mara nyingi viko karibu na hali hiyo. Na kifurushi kilichogawanywa vipandevipande kwa kawaida hakikubali kurekebishwa kabisa.

Lipo jambo linalowashangaza wengi: faili za docx (nyaraka za Word), odt (nyaraka za LibreOffice) na epub (vitabu vya kielektroniki) ni ZIP zenyewe. Chukua nakala ya docx, badilisha mwisho wa jina uwe zip, ifungue. Utakuta maandishi yako kwenye faili iitwayo document.xml, ndani ya folda iitwayo word. Kila unapohifadhi, programu yako inajenga ZIP nzima bila wewe kujua. Ndiyo sababu pia docx haipungui sana ukiibana tena. Wanaotengeneza vitabu vya epub wawe waangalifu zaidi: faili ndogo iitwayo mimetype lazima iwe ya kwanza ndani ya kifurushi, tena isibanwe. Ukitoa vyote, ukarekebisha kosa moja la tahajia, kisha ukabana ovyo, kitabu kinaweza kukataliwa ingawa maneno yote yamo.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mmoja. Toa kwanza. Weka nyaraka kwenye folda unayoijua, hariri hapo, hifadhi hapo, ukimaliza ndipo ubane upya. Kuchungulia ndani ya ZIP kwa kusoma tu hakuna ubaya, isipokuwa kama kifurushi kina nywila. Nakala inayotolewa kwenye folda ya muda haina ulinzi wowote, na inaweza kubaki pale hata baada ya wewe kuondoka. Kwenye kompyuta ya watu wengi, usifungue waraka wa siri kwa namna hiyo.

Na kama kazi imeshapotea? Usizime kompyuta, wala usiendeshe programu ya kusafisha diski. Kama ulitumia programu ya kuandikia yenye orodha ya nyaraka za karibuni, itazame. Mara nyingi inaonyesha njia kamili hadi faili ilipo. La sivyo, kwenye Windows andika %TEMP% katika upau wa anwani wa kidirisha cha mafaili, panga vilivyomo kwa tarehe ya kubadilishwa, na utafute jina la waraka au la ZIP, ukiingia hata ndani ya folda ndogo. Ukiuona, usiufungulie palepale. Unakili kwanza kwenye folda yako, halafu ufungue hiyo nakala.