Chuo cha Filamu au Chumba cha Waandishi?

ZAI: Karibuni tena. Salim, juzi tulikuwa na kikao cha familia. Binti wa dada kamaliza kidato cha sita, anataka kusomea filamu.

SALIM: Wazee wakasemaje?

ZAI: Nikawatajia Shonda Rhimes, mwandishi wa TV wa Marekani. Kasomea uandishi wa filamu pale chuo kikuu cha USC, Los Angeles, na mwaka 2005 akaanzisha Grey's Anatomy, ile tamthilia ya madaktari. Baba mdogo akaanza kulainika. Ghafla Shangazi Mwanaidi: "Ndiye huyo aliyemuua Derek?"

SALIM: (anacheka) Yule daktari wa kwenye tamthilia! Msiba wa 2015 hajaanua tanga?

ZAI: Hajaanua! Siku ile alikishusha kile kitambaa cha kufuma cha juu ya TV, akafunika kioo chote, kama anasitiri maiti.

SALIM: Na pilau inaungua jikoni.

ZAI: Basi ada ikasahaulika, kikao kikawa cha Derek. Kwa nini wale madaktari walichelewa kumpiga picha ya kichwa?

SALIM: Shangazi ana hoja. Kagongwa na lori, kichwa ndicho cha kwanza.

ZAI: Usimpe nguvu, atatupigia simu hapa hapa!

SALIM: Ampigie Shonda. Ila mimi nasema chuo si ndicho kilichowapa tuzo waandishi kama yeye; ni kazi. David Chase katoka chuo kikuu cha Stanford na shahada ya filamu, akaandikia TV kama robo karne ndipo ikaja tamthilia yake, The Sopranos, 1999. Vince Gilligan, aliyesoma chuo kikuu cha NYU, kapikwa kwenye tamthilia ya The X-Files kabla ya kuanzisha yake, Breaking Bad.

ZAI: Na Matthew Weiner? USC pia. Tamthilia yake, Mad Men, ikabeba Emmy, tuzo ya TV ya Marekani, ya tamthilia bora miaka minne mfululizo, 2008 hadi 2011.

SALIM: Muswada wake wa Mad Men ulilala miaka! Chase alipousoma ndipo akamwajiri kwenye The Sopranos. Pale ndipo alipofundwa.

ZAI: Aliajiriwa kwa sababu ya muswada. Nani alimfundisha kuuandika?

SALIM: Njaa.

ZAI: Hapana, kaka. Darasani kazi yako inasomwa mbele ya wenzako, wanaichambua, unarudi kuandika upya. Chumba cha waandishi ni hivyo hivyo: mnapanga kisa ubaoni, onyesho kwa onyesho, mmoja anakwenda kuandika, mkuu wa tamthilia anakipitia upya. Asiyezoea kukosolewa hadumu mle.

SALIM: Darasani ukichelewa unapunguziwa alama. Kazini wapiga picha wamesimama, waigizaji wamesimama, na mshahara wao unahesabika. Hilo halifundishiki.

ZAI: Linafundishika.

SALIM: Halifundishiki, dada.

ZAI: Basi tuma binti wa watu kazini bila chuo, uone nani atamfungulia mlango.

SALIM: Abebe nyaya, aanzie hapo. Wangapi wamesoma wakakaa nyumbani?

ZAI: Na wangapi wamebeba nyaya hadi leo wanabeba nyaya?

SALIM: Zai, dakika zimekwisha.

ZAI: Na yale ya mikopo, na kazi za kuambatisha kwenye maombi ya chuo?

SALIM: Hatujagusa hata moja. Wiki ijayo.

ZAI: Wiki ijayo. Mimi ada naichangia.

SALIM: Changia. Mimi namtafutia kazi.