Kipara cha Begani: Mazungumzo na Masaisi wa Jinja

Ndugu zangu masaisi, wazee wetu wenye punda mliotoka Kapchorwa, na nyinyi wenye farasi mliokubali leo kukaa viti vya nyuma, habari za asubuhi. Nimeombwa nizungumzie kipara. Si hiki changu, ingawa nacho mnakiona. Ni kipara cha farasi anayevaa blanketi. Upande wa mbele wa bega manyoya hukatika, ngozi hubaki inang'aa, na msipoangalia, baada ya siku chache patakuwa na mchubuko mbichi unaotafutwa na nzi.

Kabla ya kufika begani niulize swali ambalo wenye viti vya nyuma hawatalipenda: blanketi la nini? Nguo hii tumeipokea kutoka nchi za baridi. Uingereza na Uholanzi, farasi wa kazi na wa mashindano hunyolewa manyoya msimu wa baridi ili jasho likauke upesi, kisha hufunikwa kwa sababu amevuliwa koti lake mwenyewe. Farasi mzima, mwenye manyoya yake na majani ya kutosha tumboni, hana shida na hewa ya kati ya nyuzi 5 na 25 hivi. Usiku wa Jinja haushuki chini ya hapo. Kabale na miteremko ya Mlima Elgon hutetemesha watu, lakini farasi mkavu aliyekingwa na upepo hulala vizuri tu. Mvua ikichanganyika na upepo, hapo hesabu inabadilika. Na farasi mzee aliyekonda au mgonjwa tunamfunika bila ubishi. Punda ana habari yake. Manyoya ya punda hayasukumi maji kama ya farasi, hulowa hadi ngozini, kwa hiyo paa la mabati juu ya kichwa chake lina faida kuliko nguo yoyote.

Najua wengi wenu mnafunika kwa ajili ya usubi na nzi. Hiyo ni sababu ya maana. Usubi wa jioni ndio unaoeneza ugonjwa wa farasi wa Afrika, ule unaojaza maji mapafuni. Punda huupata na mara nyingi akaendelea na kazi, farasi hufa. Kumvalisha wavu tangu jua linapozama hadi kunapokucha ni kazi nzuri. Ila msidhani wavu hauchubui kwa kuwa ni mwepesi. Nyuzi zake ni kavu, pindo lake ni gumu, na watu huuacha mwilini mchana na usiku bila kuutazama.

Nitoke kidogo nje ya mada. Mablanketi mengi ya mitumba ni ya buluu iliyokolea. Mbung'o huvutwa na buluu. Kule West Nile, Koboko na Arua, vitambaa vya buluu vilivyotiwa dawa huchomekwa kandokando ya mito kupambana na malale. Sasa wewe unaishi penye mbung'o, unamvalisha farasi wako kitambaa kilekile, tena kisicho na dawa! Tafuta rangi isiyokolea.

Turudi begani. Mfupa wa bega la farasi haukuungwa na kiwiliwili kwa mfupa mwingine. Sisi tuna mtulinga, yeye hana. Bega lake limeshikwa na misuli peke yake. Kila hatua, mfupa huo unateleza mbele na nyuma chini ya ngozi. Akiinamisha kichwa kula, shingo inashuka, na ukosi wa blanketi unavutwa ukabana kifuani na mabegani. Farasi aliyeachiwa malishoni hula zaidi ya saa kumi kwa siku. Basi piga picha: kitambaa kimebana, bega linateleza chini yake, hatua baada ya hatua, siku nzima. Manyoya yatakosaje kukatika?

Ndiyo maana nawakataza kupima blanketi farasi akiwa amesimama ameinua kichwa kama yuko kwenye gwaride. Akisimama hivyo kila blanketi linamkaa. Weka majani chini, ale, ndipo uingize kiganja chako kati ya ukosi na bega. Kiganja kikipita bila kusukuma, vizuri. Kikikwama, blanketi hilo litachubua, hata kama mwenye duka ameapa. Kisha mtembeze hatua chache, mkono wako ukiwa mle ndani. Utausikia mshono unavyopita juu ya ncha ya bega, pale mfupa unapochomoza kwa mbele. Mshono mnene ukiangukia hapo hasa, hakuna dawa itakayokusaidia.

Wengi wakiona kipara huwaza kwamba nguo ni ndogo, wanakwenda kununua kubwa. Kubwa ni mbaya vilevile, pengine zaidi. Kama kiatu kinachopwaya kinavyotoa malengelenge kisiginoni, blanketi linalopwaya hurudi nyuma kila farasi anapojinyoosha au kugaagaa. Uzito wote unavutwa kwenye mwinuko wa juu pale shingo inapokutana na mgongo, na ukosi unakaa juu ya ncha ya bega badala ya mbele yake. Likikaa sawa, ukosi hupita mbele ya ule mwinuko, kama upana wa kiganja hivi, na hubaki hapo asubuhi kama ulivyouacha jioni. Ukilikuta limerudi nyuma, usilivute mbele ukaondoka. Litarudi tena.

Kupima si kazi ngumu. Chukua utepe wa fundi cherehani, anzia katikati ya kifua chini ya shingo, upitishe juu ya ncha ya bega, uende ubavuni sambamba na ardhi, umalizie mwisho wa tako, mkia unapoanza kulifunika. Mwenzako ashike upande mmoja, maana farasi hatakusubiri. Sasa angalia mtego: Waingereza na Wamarekani huandika kipimo hicho cha kifuani hadi takoni kwa futi au inchi. Viwanda vingi vya Ulaya bara huandika urefu wa mgongo peke yake kwa sentimita. Ukinunua mtumba ulioandikwa 145, usifikiri ni sentimita 145 kutoka kifuani. Farasi huyo angekuwa punda. Wazee wa Kapchorwa, msinikasirikie.

Ndiyo, dada, swali lako. Anauliza kama si rahisi kushona sponji pale mbele ili palainike. Nimeliona hilo mara nyingi, na huanzia kwenye nia njema. Lakini sponji inachukua nafasi. Nguo iliyokuwa imebana sasa imebana zaidi, na sponji ikilowa jasho haikauki. Panapohitajika ni utelezi, si unene. Ng'oa bitana ya pamba pale mbele, au ifunike kwa kitambaa kinachoteleza: satini, au mabaki ya kitambaa cha gomesi, lile vazi la akina mama wa Uganda. Pita soko la Owino kule Kampala, fundi yeyote anayeshona gomesi ana vipande chini ya meza yake. Hakikisha upande unaong'aa unatazama ngozi, na mshono wako usianguke begani. Kuna pia fulana za mabega zinazovaliwa chini ya blanketi, za nailoni inayonyumbuka. Zinafaa, ila ni nguo ya ziada kwenye joto letu, na huko ndani jasho linapika ngozi.

Kama blanketi ni zuri ila shingo yake ni finyu, fundi anaweza kuchana mshono wa pembeni na kutia kipande cha pembetatu pale bega linapopita. Mablanketi ya bei hutoka kiwandani nacho tayari. Na mikanda je? Ile ya tumbo iache nafasi ya kiganja. Ikilegea mno blanketi linazunguka, na likizunguka upande mmoja bega la upande wa pili ndilo linalolipa. Ukiona kipara cha bega moja tu, anza kutafuta kwenye mikanda.

Uchafu nao unachubua, kuliko watu wanavyokubali. Geuza blanketi ndani nje ulipige brashi kila siku. Chumvi ya jasho na manyoya yaliyokatika huganda kwenye bitana yakawa msasa. Ukilifua, suuza mpaka povu liishe, kwa sababu mabaki ya sabuni huwasha ngozi, farasi anajisugua kwenye nguzo, nawe unalaumu ukosi. Mvueni kila siku bila kukosa. Ukiwa na mablanketi mawili yenye ukosi tofauti, yabadilishane, ili pahali pamoja pasisuguliwe kila siku.

Sasa si kila kipara ni cha blanketi. Choa huja na viduara na magamba, popote, hata usoni, na huhama kwa brashi na matandiko kutoka kwa farasi mmoja hadi mwingine. Mwasho wa usubi unapenda singa na shina la mkia. Chawa utawaona ukifunua singa. Kipara cha blanketi kina alama yake: kiko palepale pindo linapopita, na mwanzoni ngozi yake haina kasoro, manyoya tu ndiyo yamekatika kama yaliyokatwa kwa mkasi butu. Wakati wa kuvua nguo ni huo. Ukingoja damu, umechelewa.

Na damu ikishatoka? Vua, usifunike tena mpaka papone. Osha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo, zuia nzi, na pakivimba au kutoa usaha mwite daktari wa mifugo. Mafuta mazito chini ya blanketi sipendi. Yanakusanya vumbi, na vumbi linasaga. Manyoya yatarudi baada ya wiki kadhaa. Yakirudi meupe, jueni ngozi iliumizwa hadi pale rangi inapotengenezwa, na weupe huo haufutiki. Mnunuzi anayejua farasi atauona kabla hajaangalia meno.

Wenye punda, sheria ni ileile, ila nyinyi mnaongeza gunia la mahindi au viazi na mteremko. Kamba nyembamba juu ya mgongo mtupu inakata. Na mkitandika, mto wa pande mbili ubebe mzigo ubavuni, uache uti wa mgongo bila kuguswa. Kamba ya kifua ipite upande wa juu wa ile ncha ya bega, isiikalie yenyewe.

Haya. Nje pale kuna farasi watatu, na mablanketi yao yamelazwa uani. Mmoja kati yao amevalishwa saizi isiyo yake kwa makusudi. Chukueni tepe, wekeni majani chini, kila mmoja aingize mkono wake mwenyewe, kisha mniambie ni yupi.