Shida Sio Sindano, Ni Ule Mpira

Haya jamani, mlionisikia mwaka jana mnivumilie, hili nitalisema mpaka nisione tena mtoto wa miaka minne amebanwa na watu wazima wanne kama kibaka, eti anatolewa damu.

Mtoto wangu ana usonji, yaani ubongo wake unapokea mguso, sauti na mwanga tofauti na wetu, haongei, na dawa anazotumia zinataka apimwe damu mara kwa mara. Muda mrefu tuliamini anaogopa sindano. Tukapaka krimu ya ganzi, ngozi ikafa ganzi kweli, na bado alipiga mayowe mpaka nesi akaloa jasho. Siku moja kijana wa maabara akaacha kila kitu akawa anamwangalia tu, akaniambia mama, huyu mbona analia sijatoa hata sindano? Analia nikifunga mpira. Na kweli! Ule mpira wanaofunga mkononi ili mshipa utokeze unabana, unavuta vinywele, unanata, kwake ni kama moto. Akashusha mkono wa shati akafunga juu ya nguo. Sitawadanganya, alinung'unika na kunipiga teke moja, ila hakuna aliyembana. Baada ya hapo nyumbani nikawa namzungushia soksi kuukuu mkononi akiangalia katuni, imelegea tu, sekunde tano, kumi, ishirini, natoa tunacheka, wiki tatu nzima. Mume wangu aliniona nimechanganyikiwa. Wa kwako labda ni harufu ya spiriti, au taa, au kupangusa kwa pamba ya baridi, sijui, mchunguze wewe unayelala naye.

Najua kuna mtu hapo nyuma anasema foleni ndefu, nani ana muda wa soksi. Sawa, na kumbana kunachukua dakika ngapi? Mkono unaruka, mshipa unapotea, mnahamia mkono wa pili, na safari ijayo kilio kinaanzia getini. Halafu tunamwambia "haiumi". Inauma! Mwambie inauma kidogo halafu inaisha, mhesabie mpaka kumi.

Mengine haraka haraka maana naona naonyeshwa saa. Krimu ya ganzi sio ya kupaka mkiwa mlangoni kwa maabara, ile yenye dawa za ganzi za lidokaini na prilokaini inataka kama saa nzima imefunikwa plastiki, kiasi cha kupaka muulizeni daktari kwa umri na uzito wake, mkishaitoa subirini kidogo maana mshipa huwa umesinyaa. Maji anywe vizuri kama hamjaambiwa aje na njaa, mikono iwe na joto. Akae wima mapajani kwako, asilazwe. Vipimo vyote vichukuliwe kwa mchomo mmoja, ulizeni kabla. Wakikosa mara mbili ombeni aje mwingine aliyezoea kutoa damu watoto, na wakikwambia mama unatufundisha kazi, mimi hujibu kwa mtoto huyu, ndiyo.

Ya dawa ya usingizi siigusi leo, ndefu. Dada mwenye kilemba, umeinua mkono tangu mwanzo, uliza.