Golf TDI: toa kopi ya kontroli boksi kabla hujagusa kitu

Haya, karibuni mezani. Leo ni Golf 6, dizeli ya lita 2.0, limetumika Uingereza kabla ya kushushwa bandarini. Kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, ni Bosch EDC17C46. Hatuongezi nguvu leo, msiniulize. Tunatoa kopi ya kilichomo ndani, basi.

Chomeka mashine ya kusomea boksi kwenye soketi ya chini ya usukani, washa swichi, usipige stati. Bonyeza kutambua, piga picha skrini: namba ya boksi, namba ya programu, namba ya chesisi. Rahisi hapo.

Sasa wengi huishia hapa na kusema wamesoma. Hujasoma! Kwa boksi hili, mashine nyingi zikiwa kwenye soketi huangalia namba ya programu tu, kisha huvuta faili la kiwandani kutoka kwenye seva. Ikimaliza kwa sekunde chache na ikataka intaneti, jua hilo ni faili la seva. Kama aliyelimiliki kwanza alishachezea ramani za mafuta (majedwali yanayopanga kiasi cha mafuta), hutaziona. Na data za imobilaiza (ulinzi wa wizi unaotambua ufunguo) za gari hili hazimo.

Kwa hiyo boksi linatoka. Ondoa waya hasi wa betri, subiri dakika chache. Fungua plastiki ya chini ya waipa. Mengine yana kishikio cha kuzuia wizi chenye bolti zilizokatwa vichwa. Uvumilivu na msumeno wa mkono. Plagi ni mbili, pini 94 na pini 60. Vuta lathi (kifungio cha plagi), usivute waya.

Mezani napenda kusoma bila kufungua kifuniko, kimegandishwa kwa gundi ngumu na ubao hupasuka kwa kubanduliwa. Pawasapulai volti 12 hadi 13, kikomo cha mkondo ampea 2. Mchoro wa pini ufuate wa mashine yako kwa boksi hili hili, EDC17C46. Si C54, si CP20, hata kama plagi zinafanana.

Kabla ya kuwasha, chanya na hasi pima kwa mita. Halafu pima tena. Ndiyo, nimesema tena. Ukigeuza, ulinzi wa ndani unaungua, na kopi hutakuwa nayo.

Washa. Ampea chini ya 1, vizuri. Soma kumbukumbu zote mbili: flashi kubwa (yenye programu) na flashi ya data (ndogo, yenye data za gari hili).

Subiri... mmeona? Mstari wa kusoma kwenye skrini umesimama, na volti zimeshuka. Klipu hii ya mamba imelegea, kamera imeikamata kabla yangu. Msiogope: kusoma kukikatika hakuui boksi, kuandika ndiko kunaua. Zima, kaza klipu, anza upya mwanzo. Nusu faili lililobaki lifute sasa hivi, lisije likachanganyika na faili kamili.

Imeisha. Angalia saizi: flashi kubwa lazima iwe baiti 2,097,152, ya data 65,536. Pungufu hata ya moja, soma upya. Fungua kwa programu ya heksa (inayoonyesha baiti moja moja), pitisha macho. Mwishoni pakijaa FF ni kawaida, nafasi tupu. Faili lote likiwa FF au 00, mashine imepewa ukuta, haikusoma.

Sasa hatua ambayo watu huiruka: soma mara ya pili, kwa jina lingine; ya kwanza ni golf_a, hii ni golf_b. Kisha kwenye Windows andika amri hii, itatoa alama ndefu ya faili ya herufi na namba:

certutil -hashfile golf_a.bin SHA256

Rudia kwa golf_b.bin. Herufi zote zilingane. Zikitofautiana, hiyo si kopi, ni bahati nasibu. Kagua waya na usome ya tatu. Mezani hata flashi ya data inapaswa kulingana, kwa kuwa programu ya gari haifanyi kazi. Gari likiwa limewashwa, hitilafu na hesabu huandikwa humo kila mara, kwa hiyo tofauti huko si kosa.

Jina la faili: chesisi, namba ya programu, tarehe, na neno ASILI. Usiandike „mpya2_mwisho”, tafadhali. Kopi tatu: laptopu, flashi diski, na moja nje ya gereji. Usiweke flashi ya data ya gari hili kwenye Golf nyingine, imobilaiza itakataa kuwasha.

Rudisha boksi, kaza lathi, unga betri, futa misimbo ya hitilafu, washa injini. Likinguruma kama asubuhi, funga plastiki ya waipa.