Kitenzi cha Kiingereza, Fiili ya Kiarabu, na Mswahili Katikati

Mhadhara kwa walimu wa lugha na wanafunzi, Dodoma

Mwenyekiti, walimu wenzangu wa shule na wa madrasa, wanafunzi mlioteremka kutoka chuo kikuu cha UDOM, na ninyi mliosafiri kutoka Kondoa na Mpwapwa: wa kuamkiwa shikamooni, wengine hamjambo.

Nimeombwa nilinganishe njeo, yaani maumbo ya kitenzi yanayoonyesha wakati, za Kiingereza na za Kiarabu. Kazi hii kwa kawaida hufanywa kwa jedwali: upande huu njeo kumi na mbili za Kiingereza, upande ule madhi (umbo la lililopita), mudhari (la lililopo au lijalo) na amri, kisha mwalimu anachora mistari ya kuunganisha. Mimi jedwali hilo silipendi. Mwanafunzi akilitazama anaona Kiarabu kina upungufu na Kiingereza kina ziada, wakati hakuna ukweli wowote hapo. Tena limemsahau wa tatu aliyemo darasani, yaani Kiswahili, lugha ambayo mtoto anaitumia kufikiri kabla hajafungua mdomo kusema hizo nyingine mbili.

Ukikivua kitenzi cha Kiingereza visaidizi vyake, kinabaki na maumbo mawili tu ya wakati: "write" na "wrote". Ujao hauna umbo lake. Unaazima "will", ambayo zamani ilikuwa kitenzi cha kutaka. (Msicheke. Hata -ta- yetu imetoka kwenye "taka", na ukitaka ushahidi sikiliza "atakapokuja".) Kiarabu nacho kina mawili, "kataba" (aliandika) na "yaktubu" (anaandika), na ujao unapatikana kwa kubandika "sa-" au kutanguliza "sawfa" kwenye hilo la pili. Kwa hesabu hiyo hawajaachana mbali. Wanapoachana ni kwenye swali ambalo msemaji analazimika kulijibu kwanza. Kiingereza kinamuuliza: lini, na lina uhusiano gani na sasa? Kiarabu kinamuuliza: limekwisha au bado?

Wapo wanaokwenda mbali zaidi wakasema Kiarabu hakijui wakati kabisa, kinajua ukamilifu tu. Nadhani wamezidisha. Sibawayh, Mwajemi aliyesomea Basra, Iraki, na kuweka misingi ya nahau, yaani sarufi ya Kiarabu, mwishoni mwa karne ya 8, alisema maumbo ya fiili, yaani kitenzi, yamejengwa kwa ajili ya lililopita, kwa litakalokuwa ambalo halijatokea, na kwa lililopo ambalo halijakatika. Nyakati tatu anazijua vizuri. Ila mbili za mwisho zinagawana umbo moja, na muktadha ndio unaozitenganisha.

Chukueni iqama, wito wa pili unaotangaza kwamba sala inaanza. Hata wasio Waislamu hapa mjini wanaisikia kwenye vipaza sauti: "qad qaamatis swalaah". "Qaamat" ni madhi, na "qad" imekuja kukaza kwamba jambo limekwisha kuwa. Sala imeshasimama. Lakini angalia ndani ya msikiti muda huo: watu ndiyo kwanza wananyoosha safu, mmoja bado anajifuta maji ya udhu, imamu hajaleta takbira. Umbo la lililokwisha limetumika kwa jambo linaloanza sasa hivi. Mswahili hilo halimshangazi. Mpigie bodaboda umwambie aje Area C, atakujibu "nimeshafika" naye yuko Nkuhungu anajaza mafuta. Mwambie Mwingereza "I have arrived" ukiwa bado njiani, atatoka nje akutafute.

Hapo ndipo penye ugumu wa hiyo "have" yao. Inasema jambo limekwisha na athari yake ipo sasa, na kwa sababu hiyo haikubali kutajiwa siku iliyopita. Sisi "nimemwona jana" tunaisema kila siku na hakuna anayeshtuka. Kiarabu nacho hakina kinyongo ukiweka "qad" na "amsi" (jana) katika sentensi moja. Mtoto akija na "I have seen him yesterday", amezifuata lugha mbili zinazoruhusu akaangukia kwenye ile inayokataza. Msahihishe, lakini usimwambie hana mantiki.

Upande wa kukanusha ni mtamu zaidi, na naomba nikae hapo kidogo.

Tazameni "dhahaba", alikwenda. Ikanushe: "lam yadhhab". Madhi imetoweka, umeletwa mudhari, irabu yake ya mwisho imekatwa, na upita wote umebebwa na "lam". Sasa "he went". Ikanushe: "he did not go". Upita umehamia kwenye "did", na "go" imebaki tupu. Na sisi? "Alikwenda", "hakwenda". Ile -li- iko wapi? Imeondoka. Lugha tatu, kila moja na ukoo wake, zimekubaliana kwamba kikanushi cha namna hii kikiingia, kitenzi kikuu kinavuliwa alama yake ya wakati uliopita. Kwa hiyo "did not went" ya kidato cha kwanza na "lam dhahaba" ya madrasa ni kosa moja lenye kanzu mbili. Mtoto huyohuyo hawezi hata kwa bahati mbaya kusema "hakulikwenda". Muulize kwa nini hasemi hivyo, na somo limeshaanza.

Halafu ipo "lamma". Katika Surat al-Hujurat, aya ya 14, mabedui wanasema wameamini. Wanajibiwa "lam tu'minuu", hamkuamini, kisha baadaye kidogo "wa lammaa yadkhulil iimaanu fii quluubikum", imani haijaingia nyoyoni mwenu. Vikanushi viwili katika aya moja, na kila kimoja na kazi yake. "Lam" inakata. "Lamma" inakanusha mpaka sasa, na jambo lenyewe bado linatarajiwa. Kiingereza hapo kinahitaji maneno matatu, "has not yet", na ukiisahau "yet" ladha inapungua. Sisi tuna silabi moja tu: -ja-. Hajafika. Mwalimu wa madrasa anayetumia kipindi kizima kueleza "lamma" bila kuitamka -ja- anajichosha bure, na wa sekondari anayeanza "yet" kwa kuchora mstari wa wakati ubaoni vilevile.

Si kila mahali Kiswahili kinasaidia. Pengine ndicho kinachomwangusha mtoto. "Idhaa jaa'a nasrullaahi", itakapokuja nusura ya Mwenyezi Mungu: "jaa'a" ni madhi, lakini habari ni ya mbele. Kiarabu kikishaweka "idhaa" hakioni haja ya alama nyingine ya ujao. Kiingereza nacho kinasema "when he comes", hakitaki "will" baada ya "when" ya namna hiyo. Sisi tunasema "atakapokuja", ujao tumeuchomeka ndani kwa ndani. Matokeo yake mnayajua: "when he will come", kwenye kila rundo la madaftari.

Lingine ni -me- ya hali. Mpe mwanafunzi wa kidato cha pili picha aielezee. Ataandika: "The old man has sat under a tree. He has worn a hat." Mzee amekaa chini ya mti, amevaa kofia. Kwa Kiswahili hakuna kasoro. Lakini Mwingereza akiangalia picha anataka "is sitting", "is wearing". Kiarabu hapa wala hakihitaji fiili. Kinaleta ismu faili, yaani jina la mtendaji: "jaalis", "laabis", na aliyelala ni "naa'im". Maulamaa wa nahau wa mji wa Kufa, huko Iraki, waliiona nguvu hiyo, wakaihesabu ismu faili kuwa aina ya fiili, wakaiita fiili daimu, fiili ya kudumu. Wa Basra hawakukubali. Mimi nikifundisha Waswahili nasimama na Kufa, maana "amekaa" yetu inalingana na "jaalis" kuliko na "jalasa", alikaa.

Na "kaana yaktubu" nisiipite kimya. Ni "alikuwa akiandika", vitenzi viwili na vyote vinabeba mtendaji, kama vyetu. Kiingereza kinakulazimisha uchague: "was writing" kama ni tukio moja lililokuwa likiendelea, "used to write" kama ni mazoea. Kiarabu kinaviweka pamoja, sisi pia mara nyingi.

Nimeletewa maswali mawili kwa karatasi. Mwalimu wa Kondoa anauliza kama atumie na Kirangi, kwa kuwa ndicho wanachokuja nacho watoto wake. Tumia, lakini kwenye ujao uwe mwangalifu. Kirangi hapo kina mpangilio ambao majirani zake wengi hawana: kitenzi kikuu kinatangulia, kisaidizi kinafuata. "Sa-" na "will" zote zinakaa mbele ya kitenzi. Kwa kipengele hicho anzia Kiswahili, Kirangi ukirudie baadaye kama mfano wa kuonyesha kwamba mpangilio si sheria ya dunia nzima.

La pili: kwa nini hatusemi "laa sa-yaktubu" kwa maana ya "hataandika"? Kwa sababu ujao ukikanushwa inaletwa "lan", nayo imeshabeba ujao ndani yake, haikai na "sa-". Kiingereza kinaiacha "will" mahali pake, "will not write". Sisi tunaiacha -ta- mahali pake, "hataandika". Hapa Kiarabu kiko peke yake, na mwanafunzi hana pa kuegemea. Aikariri tu "lan yaktuba", na fat-ha yake ya mwisho, ile irabu "a", asiisahau.